Mzee wa Roki na Sauti ya Baba

Ipagala, Jumapili, Agosti 1994

Leo nimemsimulia baba habari za yule mwanamuziki mzee wa roki niliyemwona Harare nilipokwenda kozi ya kilimo cha zabibu. Nilisita sana. Tangu augue kiharusi, baba hataki tena kuimba kwaya.

"Alipanda jukwaani akishikwa mkono," nilimwambia. "Katikati ya wimbo sauti ikamkatika, watu wakaupokea wimbo, wakamwimbia."

"Hawakucheka?"

"Hakucheka mtu, baba. Wengine walilia."

Baba akaendelea kula. Nikajilaumu kwa kusema.

Jioni akamuuliza mama, "Joho langu la kwaya liko wapi?" Mama alikwenda moja kwa moja kufungua sanduku.

Naogopa sauti itamkatalia mbele ya watu. Lakini sasa namsikia chumbani, anajaribu sauti yake ya besi, polepole.