Chanjo Isiyo na Mnunuzi

Handeni, 9 Januari 1998

Mwanangu Naisenya,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ukiwatoa kondoo. Mvua hizi zimeleta mbu hadi mbwa wanataka kulala ndani. Bwana mifugo alipunguzwa kazini. Siku hizi mtabibu ni Kasmiri, muuza duka wa mnadani. Kawachanja kondoo wote homa ya Bonde la Ufa, hata wenye mimba. Karibu wote wakatupa mimba. Nikamfuata. "Mzee, chanjo ni chanjo!" Naam, na panga ni panga, lakini hatunyolei ndevu.

Nyie wa kampuni ya chanjo huko Ulaya mnatengeneza nini hasa?

Baba yako

Uholanzi, 2 Februari 1998

Baba, shikamoo. Mama hajambo? Mimi mzima, ni baridi tu.

Chanjo ya Kasmiri ina kirusi hai. Kimedhoofishwa, lakini mimba hakiisamehi. Yetu haina kirusi. Ni kipande cha DNA, yaani maelekezo ya kutengeneza ganda lake tu; mwili unaliona ganda, unajifunza kupigana. Panya wetu wamepona. Kuwajaribu kondoo, tunasubiri kampuni ikubali.

Baba, ugonjwa huu unawapata na watu. Usimzalishe kondoo kwa mikono mitupu. Vaa hata mfuko wa plastiki.

Binti yako

Handeni, 20 Machi 1998

Mwanangu, nimekusoma. Sisi hatujambo.

Mwambie mkuu wa kampuni nimempa kondoo, yule jike mweusi mwenye mimba niliyemnunua baada ya chanjo ya Kasmiri. Kuanzia leo hatuitani majina. Yeye ni pakerr wangu, nami pakerr wake, kama ilivyo kwetu watu wakipeana kondoo. Na pakerr hamwachi pakerr mwenzake.

Baba yako

Uholanzi, 28 Aprili 1998

Baba, shikamoo. Nilimwambia. Wakacheka mkutano mzima, wakalipenda hilo neno. Kisha wakaifunga kazi yetu. Eti chanjo ni nzuri ila haina mnunuzi: wenye ugonjwa hawana fedha, wenye fedha hawana ugonjwa. Imewekwa kwenye friza. Niligombana nao mpaka nikatolewa nje.

Nani anawazalisha kondoo? Nijibu upesi.

Binti yako

Handeni, 30 Julai 1998

Mwanangu, salamu. Huu ni mwandiko wa mama yako. Mimi natamka, yeye anapunguza matusi.

Kondoo wa pakerr alikwama kuzaa, nikaingiza mkono. Mfuko wa plastiki tuliokuwa nao ulikuwa na sukari. Homa ilinilaza, ikaniacha, ila imekaa machoni. Nikimtazama mtu naona masikio, uso ni ukungu. Daktari anasema ni homa ileile, na huenda ukungu usitoke.

Usilie. Rudi kwa pakerr, mwambie mnunuzi amepatikana Handeni. Ila wamsomee bei kwa sauti.

Baba yako