Shamba la Kuni Edmonton

Shoga yangu Mwanaisha,

Nakusalimu wewe na mama. Baridi ya huku inauma hadi meno, ila leo nimeduwaa nikaisahau.

Mume wangu amepata kazi kwa mzee mmoja Mwingereza, hapa Edmonton, anayelima nyanya ndani ya nyumba za vioo. Nilipompelekea chakula nikaona vijiti vimechomekwa ardhini kwa mistari, vile vile mama yako anavyopanda muhogo. Nikang'oa kimoja nitazame mizizi. Mzee akanijia mbio. Kumbe ni miti iitwayo wilo, anaipanda aje aichome ili nyanya zipate joto, maana mafuta yamepanda bei. Shamba zima la kuni, Mwanaisha.

Na upande wa pili watu walikuwa wakikata miti mizima, mibichi, hadi chini kabisa. Nikauliza imekosa nini.

"Haijakosa kitu," mzee akasema. "Ikikatwa ndiyo inachipua kwa wingi."

Nikavitazama vile visiki, nikakumbuka siku tuliyofunga duka letu hapo Mombasa tukaondoka.

Kile kijiti nimekichomeka kwenye kopo, dirishani. Kiombee kishike.

Akupendaye,
Zarina