Gitaa Nililonunua kwa Zungu

Jumamosi, 2 Septemba

Nimelinunua. Sijui kama nimefanya jambo la maana au nimejitia kitanzi mwenyewe.

Muuzaji anaitwa Zungu, mtu wa makamo, anakaa hosteli ya wanaume huku huku Umlazi. Nilitaka kulichomeka kwenye spika kwanza. Gitaa la mbao lenye priampu ubavuni — kile kisanduku cha betri na vitufe — utalinunuaje bila kulichomeka? Hakuna umeme. Mgao, mpaka jioni. Zungu akasema dada, umeme ukirudi utakuta limeshakwenda na mtu wa Pinetown. Maneno ya kila muuzaji, nayajua, na bado yakaniingia.

Nikalipiga kavu. Likalia! Besi nzito, nyuzi nyembamba zinasikika moja moja, na uzi wa kwanza umelegezwa kimaskandi, muziki wetu wa gitaa, kama tupigavyo sisi. Pesa yangu yote ya upatu imebaki kwa Zungu. Nilipokuwa natoka akaniambia nibadilishe betri tu, ndani nisichokonoe. Nikaitikia.

Mama hajauliza limetoka wapi. Atauliza vipi, hajui kama lipo. Liko chini ya kitanda. Mtu mzima mimi, nafua mashuka ya hospitali nzima, naleta unga nyumbani — na bado naficha vitu chini ya kitanda.

Jumapili, 3 Septemba

Umeme ulirudi mama akiwa kanisani. Nikachomeka. Krrrr. Ukigusa kitufe cha sauti, krrrr. Ukiinama linanyamaza, ukiinuka linakohoa. Betri mpya. Krrrr vilevile. Nimepigwa.

Nikachomoa waya nikapiga kavu, ili nisilie. Na hapo sasa — sijui niandikeje. Vidole vilikwenda. Kile kipande cha mbio kwenye nyuzi nyembamba, kinachonikwamisha siku zote, kimepita. Nikarudia nikidhani nimebahatisha. Kikapita tena.

Binamu yangu Sanele, mpiga gitaa wa kwaya, akaingia, akaona uzi wa kwanza umelegea, akanionea huruma. Kabla sijamzuia ameukaza "unavyotakiwa". Ta! Umekatika. Nikamweleza kwamba umelegezwa makusudi. Akauliza ninyi watu wa maskandi mna ugomvi gani na muziki. Nimemfukuza. Bahati nilikuwa na uzi wa akiba.

Jumatano, 6 Septemba

Mazoezi, gereji kwa Baba Qwabe. Gumede kwenye kitambulisho, Qwabe, jina la sifa la ukoo wake, kwa kila anayemheshimu. Bendi ni yake, na mimi mwaka wa pili huu naitikia na kupiga gitaa la nyuma. Leo akatangaza kwamba Bhekumuzi, mpigaji wa mbele, amepata kazi Johannesburg na amekwenda. Nani atapiga izihlabo?

Hapo hakuna pa kujificha. Izihlabo ni gitaa peke yake, kabla ya ngoma, kabla mtu hajafungua mdomo kuimba. Ndipo watu wanapoamua kama wewe ni mpigaji au umekuja kubeba gitaa. Wanaume wakatazamana. Nikanyoosha mkono. Mdu wa ngoma akauliza kama siku hizi gitaa linavaa sketi.

Nikapiga. Krrrr ikiwemo. Nilipomaliza Baba Qwabe akawa ameinamisha kichwa. "MaCele," akasema, akiniita kwa jina la ukoo wangu, "nani amekufunza hivi ndani ya wiki moja?" Mdu alikuwa anachunguza fimbo zake za ngoma.

Basi ni mimi. Tamasha la Siku ya Urithi, tarehe 24, izihlabo napiga mimi. Kwa sharti moja: ile krrrr iishe. Izihlabo ikikohoa, anasema, watu wanageuka kwenda kununua nyama, na ukishaona migongo yao hawarudi. Nisipolitengeneza anamwita mpigaji wa Inanda.

Nimefurahi mno. Au ni woga. Havina tofauti kubwa kwangu.

Jumamosi, 9 Septemba

Kwa Anko Perumal, fundi wa vyombo vya muziki karibu na soko la Warwick. Mlangoni ametundika ndimu na pilipili kwa uzi, kinga ya kijicho, mpya kila wiki.

Njia mbili, anasema. Asafishe vitufe, huenda likatulia kwa muda. Au aweke priampu mpya. Lakini mpya ni kubwa kuliko ya zamani, lazima apanue tundu la ubavuni kwa msumeno.

"Na mbao ikipasuka, Anko?"

"Ikipasuka itakuwa imepasuka."

Ndivyo anavyofariji watu mzee huyu. Nikauliza kama sauti yake kavu itabadilika. Kidogo. Kidogo kiasi gani? "Kidogo ni kidogo, mama." Kulikatakata mbavu gitaa ambalo ndiyo kwanza limenikubali! Nimemwambia asafishe tu.

Jumanne, 12 Septemba

Anko amenipigia nikiwa kazini. Hakusema lolote zaidi ya njoo mwenyewe. Nimekwenda na harufu yangu ya klorini, nikidhani mbao imepasuka.

Ni afadhali ingepasuka. Alipofungua skrubu akakuta kitu nyuma ya priampu, kimebandikwa kwenye mbao ya ndani. Kifurushi cha ukubwa wa kidole gumba. Ngozi, imezungushiwa uzi mwekundu wa sufu, imepakwa kitu cheusi chenye harufu ya mafuta na mizizi. Dawa. Hapakuwa na haja ya kuuliza. Kila mtu huku anajua wapiga gitaa wanavyosemwa, kwamba hupiga kwa uganga.

Anko anasema kimegusana na waya, huenda ndicho kinachokoroma. Hawezi kuendelea mpaka kitoke, na kukitoa nikitoe mimi. Yeye ni mtu wa waya, cha mtu hakigusi. Nikamwambia si changu.

"Gitaa ni la nani?"

Langu.

"Basi."

Nilinyoosha mkono nikaurudisha. Tumelifunga kama lilivyokuwa, nikalibeba nyumbani kama mtu aliyebeba mtoto wa wenyewe.

Jumatano, 13 Septemba

Nimempigia Zungu. Hakujifanya hajui, hata kidogo. Alilinunua na kifurushi ndani kwa mtu wa Nongoma, hakuuliza, na yeye pia hakuulizwa. "Lilipolia ulilipa mbio mbio," akasema. "Sasa malalamiko ni kwamba linalia sana?"

Nikamuuliza kazi ya kifurushi ni nini. Kumkinga mpigaji na wivu wa watu? Au ni ya vidole?

"Dada, mimi nimepiga na hilo gitaa miaka, watu wakinishangilia. Sikuwahi kukitoa ili nijue."

Simu ikakatika, au ameikata.

Nimefua siku nzima nikiwa na maneno hayo. Jumatano iliyopita gereji — nilikuwa mimi? Kipande cha mbio hakikuwahi kupita mpaka siku nilipoleta gitaa hili. Jioni nikachukua lile langu la zamani nikajaribu. Kikakwama. Lakini lile shingo imepinda, lazima kikwame. Lazima? Nikajaribu tena polepole. Kikakwama polepole.

Nimemwambia dada yangu Thabsile tu. Ameapa hatasema.

Jumamosi, 16 Septemba

Amesema.

Nimerudi kutoka kazini nikakuta gitaa sebuleni, juu ya mkeka, linachuruzika maji. Mama kavaa kanzu yake nyeupe ya kanisa na mshipi wa kijani. Amelimwagia maji ya maombi kupitia tundu la sauti. Yale yenye chumvi. Chupa nzima.

"Nimelisafisha, Bajabulile. Sasa linaweza kulala ndani ya nyumba yangu." Kwa upole kabisa, kama mtu aliyenifulia nguo.

Nikalichomeka. Hakuna sauti. Hata krrrr haipo. Sikujua kwamba itafika siku niitamani ile krrrr.

Nilitaka kupiga kelele. Nikauliza tu kwa nini hakunisubiri. Akasema ningekusubiri ungenikataza. Ni kweli. Kisha akanikamata mkono, akavitazama vidole vyangu kimoja kimoja, akaniuliza vina ugonjwa gani hata vitafutiwe msaada. Nikaona aibu, na sijui ya nini, maana sikuweka mimi.

Hajui kwamba kifurushi bado kimo. Thabsile hakujua kiko sehemu gani, na mimi sikusema. Mtu ameloanisha gitaa lako kwa mapenzi, utamwambia nini? Kwamba amekosea shabaha?

Jumatatu, 18 Septemba

Priampu imekufa, chumvi imekula shaba. Kwa hiyo si suala la kutaka tena. Mpya, ile kubwa. Thabsile atachangia, kwa ajili ya mdomo wake.

Anko alipochukua msumeno nilitoka nje. Nikasimama na wanawake wanaochemsha vichwa vya ng'ombe pale sokoni, nikavuta moshi wao, mpaka akaniita. Mbao haikupasuka. Tundu ni pana sasa, unaona mpaka ndani, na kifurushi pale pale, kimevimba kwa maji ya mama.

Anko akaweka plaizi mezani, mbele yangu. Akanieleza kwa sauti ya mtu anayeeleza bei. Priampu mpya ni pana usoni lakini nyembamba nyuma, nafasi ipo. Kikisogezwa pembeni hakitagusa waya. Kikitolewa, sawa vilevile. Niseme.

Mteja aliingia, akanunua nyuzi, akatoka, mimi nimesimama pale pale. Nikikitoa na vidole vikaondoka nacho? Zimebaki siku chache, Baba Qwabe ameshaandika jina langu. Nikikiacha, siku nikishangiliwa nitamgeukia nani kujua wanamshangilia nani?

Halafu nikajisikia nasema, "Fanya unavyoona, Anko. Kitoe au kiache. Ila usiniambie."

Alivua miwani. "Hiyo si kazi ya fundi, mama."

Nikamwambia nitalipia. Akatazama ndimu yake mlangoni, kisha akasema nirudi Alhamisi.

Nilitoka nikiwa mwepesi. Wepesi uliishia kituo cha basi.

Alhamisi, 21 Septemba

Ninalo. Kisanduku cheusi kinang'aa, kitaa cha kijani, skrubu zimekazwa. Anko hakunitazama usoni. Hiyo maana yake nini? Hata siku nyingine huwa hanitazami. Nimelitikisa, hakuna kinachogonga, lakini kilichobandikwa hakigongi. Nimelinusa kama mbwa. Gundi tu.

Gereji jioni. Sauti safi! Kila uzi peke yake, mpaka ukucha unausikia. Na kipande cha mbio? Mara ya kwanza kimepita. Mara ya pili kimekwama, vibaya, wote wamesikia. Mara ya tatu kimepita. Sasa hilo ni jibu gani?

Mdu anasema leo nimepiga kama mtu anayesikiliza kama mlango unagongwa. Ana haki.

Baba Qwabe hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nimeandaa majigambo. Mpigaji wa mbele hujitambulisha katikati ya wimbo, haraka haraka, gitaa likiendelea: yeye nani, wa ukoo gani, kupiga alikutoa wapi. Ninayo tangu utotoni, nilikuwa nikiyasema na gitaa la kopo: Mimi ni MaCele, wa akina Ndosi, vidole hivi sikupewa na mtu. Nikamtamkia. Nilipofika kwenye vidole sauti ikanipotea. Akadhani ni mafua, akaniambia ninywe tangawizi.

Jumapili, 24 Septemba

Naandika nyuma ya jukwaa, daftari juu ya spika. Bendi moja mbele yetu, kisha sisi. Uwanja umejaa, shanga, ngozi, moshi wa nyama. Umeme upo, leo hata mgao hauji kuniokoa.

Mama amekuja. Sikumtegemea. Yuko mstari wa mbele kabisa na kanzu yake nyeupe, amekaa wima kama yuko ibadani. Ameniona kwenye upenyo wa turubai akanipungia. Amewaambia wanawake wa pembeni yake kwamba huyo ni wangu. Nimeiona midomo yake ikisema.

Mbele yake ndipo niseme vidole hivi sikupewa na mtu.

Nimempigia Anko. Nilitaka aniambie. Simu yake imezimwa — Jumapili, yuko hekaluni. Nimepiga tena. Imezimwa.

Nimejaribu majigambo bila hayo maneno. Mimi ni MaCele, wa akina Ndosi. Halafu? Yanabaki yananing'inia. Watajua nimeruka kitu, watu hawa wanajua majigambo kuliko sala.

Nimeazima bisibisi kwa fundi wa mitambo. Amenipa bila kuuliza. Mdu ndiye anayeuliza. Anasimama juu yangu anauliza nina wazimu gani, dakika hii, baada ya gitaa kupona? Nimemwambia anishikie shingo ya gitaa anyamaze. Ajabu, ameshika.

Skrubu mbili za priampu zimetoka.

Nikikikuta, sijui nitapanda na nini. Nisipokikuta — basi Alhamisi aliyekwama ni mimi, na aliyepita ni mimi, na huko nje sasa hivi niko peke yangu. Hilo ndilo linalonitetemesha zaidi. Nilidhani litakuwa lile jingine.

Ya tatu. Bendi ya mbele imemaliza, watu wanapiga miluzi. Baba Qwabe anakuja, ameona skrubu sakafuni, haelewi. Namwomba dakika moja. Mtangazaji ameshika kipaza sauti, anasema leo gitaa la mbele ni mwanamke, na namsikia mama akipiga vigelegele kabla jina langu halijatajwa.

Skrubu ya mwisho Anko ameikaza sana. Mdu amechukua bisibisi, anaizungusha yeye. Naweka kalamu chini, nitazame.