Jiwe la Nanyama

Edah dada yangu, nimechoka, hata viatu sijavua.

Si leo mjukuu wangu Nanyama alikuwa anashindania nafasi ya kuwakilisha shule yao ya Kitale kwenye mashindano ya sayansi? Mwalimu akauliza: jiwe likianguka, kila sekunde mwendo wake unaongezeka kiasi gani? Mtoto akageuka kunitazama.

Mimi huyo, kutoka viti vya wazazi: "Thelathini na mbili!" Jibu la kile kitendawili cha marehemu mzee wangu, cha shule za mkoloni.

Nanyama akajibu, "Mita thelathini na mbili." Ati mita!

Mwalimu akacheka. "Nyanya, hizo ni futi. Kwa mita ni kama kumi tu. Jiwe lenu linafukuzwa na nani?"

Nafasi ikaenda kwa mwingine.

Tukapanda matatu mpaka nyumbani Bungoma. Sasa hivi ndio amenikalia karibu: "Kukhu, nyanya yangu, nitegee kitendawili kingine. Lakini useme kama ni futi."