Vikopo viwili

Shoga, uko? Nimetoka hospitali sasa hivi. Nimekaa kituoni, aibu imenishika hata gari sipandi.

Unakumbuka vile vivimbe walivyonikata utumboni mwaka jana? Wanachunguza kama bakteria wa tumboni wanaweza kuonyesha mapema kwamba vitarudi, kabla havijageuka saratani. Wakanipa vikopo viwili vya kutia choo. Kimoja changu, kingine cha mtu ninayekula naye chungu kimoja, walinganishe.

Nikaona haya kusema naishi peke yangu. Nikajaza vyote mimi. Cha pili nikaandika MUME.

Mume. Yule aliyeondoka na masufuria.

Leo daktari ananiambia, taratibu kabisa, "Mama, hivi vyote ni vya mtu mmoja." Mtu mmoja, shoga. Nikamwambia labda ni mapenzi, tumefanana mpaka ndani. Hakucheka.

Bakteria wangu mwenyewe wamenichongea. Tena anasema huenda vivimbe vinarudi, Alhamisi naingizwa kamera ya utumboni.

Ukichomwa dawa ya usingizi hawakuachi utoke peke yako. Akauliza nani atakuja kunichukua.

Nimeandika jina lako. Nijibu, nijue kama nimedanganya tena.