Upande wa Pili wa Msumeno

Jumapili, 10 Januari 1886

Siku ya kufua. Tumechemsha nguo, chawa wamekufa. Kesho watafufuka.

Baada ya rozari Shea mpishi alikaa karibu na jiko akawasimulia wageni wawili wa kambi ya wakata miti ya ng'ambo ya mto habari za ule msonobari mkubwa. "Théodule aliupiga shoka moja tu! Ulivyoanguka, upepo wake ukazima moto wangu humu ndani!" Wageni wakashika mbavu.

Shoka moja! Mti ule tuliukata kwa msumeno, Théodule Boisvert na mimi, tangu alfajiri mpaka migongo ikakataa kunyooka. Msumeno wa kuvutana. Una mishikio miwili. Wa pili aliushika nani — malaika? Miaka sita tunakata pamoja, tangu tutoke kwetu Quebec. Ni mkubwa, sikatai. Mlangoni huinama. Lakini ni mtu!

Nilimwambia Théodule, sema basi kwamba tulikuwa wawili. Akacheka, mdomo umejaa mkate.

"Waache, Philias. Kwani umepungukiwa nini?"

Nimepungukiwa nini!

Jumanne, 19 Januari

Ng'ombe wetu mweupe wa kuvuta magogo ametumbukia mtoni, barafu ilipasuka. Niliyeingia majini ni mimi. Mpaka kifuani! Nikamfunga mnyororo, Théodule na wenzake wanne wakavuta. Ng'ombe katoka amekuwa bluu kwa baridi. Mimi pia.

Tulipomaliza kula, ndimi zikafunguka: Théodule kambeba ng'ombe begani. Ng'ombe ana rangi ya mbingu, urefu wa kanisa. Mimi nilikuwa chini ya mablanketi matatu, meno yanagongana. Jirani akanikemea — nipunguze kelele, anasikiliza hadithi.

Alhamisi, 4 Februari

Sasa wanakuja kumtazama tu. Leo mmoja ameomba kumshika mkono. Mwingine akaniambia, "Sogea kidogo, babu, tukae na Boisvert." Babu! Nina miaka thelathini na minne.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji — lakini huyu hata halitii maji! Anakata vilevile, ananisalimu vilevile, asubuhi ananisogezea soksi zangu kavu. Angekuwa na maringo ningemchukia kwa raha. Hivi namchukia kwa taabu.

Jumatano, 24 Februari

Tawi kavu. Limemshukia Théodule toka juu. Paja limevunjika. Nimemfukua kwenye theluji kwa mikono — alikuwa akimwita mama yake kama mtoto. Wamempeleka mjini, amelazwa juu ya magunia ya shayiri.

Shea ameshaanza: ati lililovunjika ni tawi.

Nimelia. Kisha nikakaa pale pake karibu na jiko. Pana joto. Mungu anisamehe, pana joto sana.

Jumapili, 14 Novemba

Kambi mpya, mto mwingine. Brekke nyapara amenipa kazi ya farasi, kwenye msumeno sikupata mwenza. Nilijiambia, huku angalau hawamjui.

Wamemjua kabla yangu! Kijana wa Kinorwe anaapa kwamba nyayo za Boisvert ndizo maziwa haya yote ya Michigan. Mwingine anasema Boisvert alikuwa Muairishi. Muairishi! Nikashindwa kunyamaza: "Mimi nilikata naye miaka sita."

Kicheko kikatikisa paa. "Kila Mfaransa alikata naye. Wewe ulikuwa unakaa wapi, mfukoni mwake?"

Jumamosi, 27 Novemba

Nimewasimulia habari ya ng'ombe, kama ilivyokuwa. Barafu, maji kifuani, mnyororo. Wakapiga miayo. Nilipofika penye kusema niliyeingia ni mimi, mzee mmoja akanyoosha kidole. "Acha kumwibia mtu sifa zake. Aibu."

Mimi ndiye mwizi!

Nimemwandikia Théodule barua Quebec, alikorudishwa kuuguza mguu, mara mbili kichwani. Sijatuma hata moja. Ningesema nini? Rudi, uje uwe mdogo?

Jumapili, 12 Desemba

Naandika zizini, penseli inateleza vidoleni. Lazima niandike. Nisipoandika sitajua nifanye nini.

Mchana huu, wote tuko bwenini, mlango umefunguka. Mtu kaingia na theluji yake, mguu mmoja anauburuta. Amekonda, mabega yameshuka. Akavua kofia, akamwomba Brekke kazi yoyote, hata ya kuosha sufuria. Jina lako nani? "Théodule Boisvert."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. "Na mimi ni Papa wa Roma!" Wakamsimamisha kwenye mwimo wa mlango wampime. Hakuinama kupita. Wakampa shoka, ati aangushe kambi. Akalishika tu, akitabasamu vilevile kama zamani, masikio mekundu.

Kisha akaniona. Uso wake wote ukawaka.

"Philias!" Akawageukia. "Muulizeni huyu. Miti ile yote tulikata wawili, mimi na yeye. Bila yeye nisingeangusha hata mmoja."

Aliyasema! Mbele ya watu! Maneno niliyoyangoja miaka yote, akayatoa bure, bila kuombwa.

Yule mzee akapiga goti lake. "Mmeona? Tapeli! Boisvert wa kweli hakuwa na mwenzake."

Brekke hakucheka. Hapendi watu wa uongo, na theluji inazidi. Akaniuliza mimi: "Trottier. Ndiye au siye? Kama siye, aende zake sasa hivi."

Nikasema ngoja nikawape farasi maji. Maji! Farasi walikuwa wameshakunywa.

Nikisema ndiye, najua kitakachotokea. Watashangaa dakika moja, kisha watamsogezea kiti karibu na jiko. Watautazama ule mguu na kabla ya chai kupoa utakuwa umevunjwa na mlima. Nami nitaambiwa, sogea, babu. Nikisema siye — neno moja tu, fupi — basi.

Na kwa nini alisema? Kama angenyamaza juu yangu ningejua la kufanya. Angalau ningekuwa na haki ya kumnyima.

Mlango wa bweni umefunguliwa, naona mwanga juu ya theluji. Brekke ananiita. Mtu amesimama nje pembeni yake, kofia mkononi bado, theluji inamjaa kichwani wala haifuti. Anatazama huku zizini.

Nimeinuka. Nimekaa tena. Ananiita mara ya pili