Alivyonizungusha Boma

Na wewe, Dada Kendi, uliyesema mama mkwe hatanipenda kwa sababu sijui kukamua mbuzi, basi soma hapa. Jana mimi na Ekai wangu tuliendesha baiskeli kutoka Isiolo mjini hadi kwao Ngaremara, jua kali, upepo wote usoni. Kufika, moyo ukinienda mbio, nikataka kujitupa chini na kunywa jagi zima la maji. Mama yake akanidaka mkono.

"Usikae, mke wetu. Hata punda akikimbia, anatembezwa kwanza."

Tukazunguka boma polepole. Ekai alikuwa amekaa, anacheka. "Mama, huyo ni bibi yangu, si punda."

"Basi punda ni wewe. Simama, utembee."

Moyo ulipotulia ndipo akanipa maji, kidogo kidogo, kisha akaninyoosha miguu na kunikanda kwa mafuta ya kondoo. Nampenda Ekai kupita kiasi, lakini jana nilimpenda zaidi kwa sababu ya aliyemzaa.

Tunakuja kabla mwezi huu haujaisha, Dada, na mama mkwe pia. Anataka kukuona wewe uliyenilea.

Wako anayekukosa sana,
Makena